MSHIKA MAWILI, JE, MOJA HUMPONYOKA?

Neno juu ya wapiga piano wanaofundisha katika vyuo vikuu



Kuna neno moja linalozunguka ulimwenguni kama sarafu ya bandia: kila mtu hulipokea, kila mtu hulitoa, wala hakuna anayeligonga mezani apate kusikia mlio wake. Neno lenyewe ni hili, kwamba ualimu ni kimbilio la watu walioshindwa kazi. Bernard Shaw, mwandishi wa Ireland, alilitia kwa mzaha wake mkali katika kitabu cha mwaka 1903, na tangu hapo watu wavivu wa kufikiri hawakuliacha lipumzike.

Wala msidhani kwamba neno hili ni la Ulaya peke yake. Hata kwetu, kijana akisema, "Nataka kuwa mwalimu," wajomba hutazamana, kisha mmoja huuliza kwa huruma: "Kwani kazi nyingine zimekwisha?" Mganga huheshimiwa, hakimu huogopwa, mfanyabiashara husalimiwa kutoka mbali, mwalimu huulizwa tu kama mshahara wake umefika.

Leo basi nataka kuligonga neno hili mezani. Nimechagua watu ambao kushindwa kwao hakuwezi kufichwa, yaani wapiga piano wa konseri. Mwandishi akikosea, hufuta. Seremala akikosea, hupiga randa tena. Lakini mpiga piano akikosea mbele ya watu elfu moja, masikio elfu mbili yamekwisha kusikia. Na wengi katika watu hao ni walimu wa vyuo vikuu. Je, ndio walioshindwa? Tutazame.

KAZI YENYEWE

Ninyi mnaojua harmoniamu ya kanisani, msifikiri kwamba piano ni pacha wake. Harmoniamu hupumua: miguu hukanyaga, upepo huingia, na sauti hudumu muda wote kidole kinapokaa. Piano haipumui. Ndani yake mna nyuzi za chuma zaidi ya 200, na kila kibao katika vibao vyake 88 hurusha nyundo ndogo iliyovikwa sufi iliyoshindiliwa, nayo hupiga nyuzi na kurudi. Sauti ikizaliwa huanza kufa papo hapo, wala mpigaji hana njia ya kuikuza tena. Kazi yake yote ni kuzipanga hizo sauti zinazokufa, hata msikilizaji aamini kwamba anasikia mtu akiimba. Jambo hili halijifunzwi kitabuni. Hupokewa sikio kwa sikio, mkono kwa mkono, mwalimu na mwanafunzi wakiketi mbele ya piano mbili katika chumba kimoja.

Tena mpiga piano hana bahati ya mpiga fidla. Mwenzake huyo hubeba chombo chake kwapani; yeye hukuta katika kila mji chombo asichokijua. Leo vibao ni vizito, kesho ni vyepesi. Ukumbi huu humeza sauti, ule huirudisha kama pango. Usiku hulala hotelini, asubuhi hupanda ndege, na jioni huketi mbele ya watu na kupiga kwa moyo, bila karatasi, kazi za saa nzima na zaidi. Hayo ndiyo maisha ya konseri, nayo si karamu kama wengi wanavyodhani.

Wachache sana huweza kula na kulisha watoto wao kwa konseri peke yake. Ndiyo sababu, hasa tangu miaka ya vita kuu ya pili, vyuo vikuu vya Marekani viliwaita wapiga piano wakubwa, vikawaambia: Njoni mkae kwetu. Tutawapa mshahara wa kila mwezi, chumba chenye piano mbili, na wanafunzi wachache wa kuwafundisha mmoja mmoja. Mkiitwa kupiga katika London au Tokyo, nendeni, kisha mrudi. Artur Schnabel, aliyeiacha Ujerumani mwaka 1933, alifundisha katika University of Michigan tangu 1940 hadi 1945. Ernst von Dohnányi wa Hungaria, mpiga piano na mtunzi, alifundisha katika Florida State University, mji wa Tallahassee, tangu 1949 hadi alipofariki mwaka 1960. Hao walikuwa tayari na majina makubwa Ulaya kabla ya kuvuka bahari.

HOJA ZA WENYE KUBEZA

Wenye kubeza wana hoja tatu. Tuzieleze kwa haki, maana asiyeweza kuieleza hoja ya mpinzani wake hastahili kuijibu.

Kwanza, husema kwamba mpiga piano huenda chuo kikuu siku konseri zinapomkimbia. Darasa ni nyumba ya wastaafu.

Pili, husema kwamba mshika mawili moja humponyoka. Anayesikiliza makosa ya wanafunzi mchana kutwa hana nguvu ya kupiga usiku. Vidole hulala, moyo hupoa, na mwisho hubaki profesa anayesimulia mambo aliyokuwa akiyafanya zamani.

Tatu, husema kwamba mkubwa wa kweli hana haja ya kufundisha. Humtaja Sviatoslav Richter wa Urusi, aliyekataa kuwa mwalimu, nao huuliza: Ni nani aliyempita?

Hoja hizi si za kijinga. Lakini hazijakutana na watu wenyewe. Haya, tuwaite mashahidi.

ALIYEFUNGIWA MLANGO

Shahidi wa kwanza ni Bibi Hazel Harrison, mwanamke mweusi aliyezaliwa mwaka 1883 katika mji wa La Porte, jimbo la Indiana. Mwaka 1904, akiwa bado kijana, alipiga piano katika Berlin pamoja na Filharmonia ya mji ule, mojawapo ya orkestra zenye sifa kubwa duniani. Baadaye alirudi Ujerumani kusoma kwa Ferruccio Busoni, mpiga piano ambaye Ulaya nzima ilimstahi. Vita ya 1914 ikamrudisha kwao.

Je, huko kwao alikuta nini? Alikuta kwamba orkestra kubwa za Marekani hazikuwa na nafasi kwa mtu wa rangi yake. Berlin ilimsikiliza, nchi yake mwenyewe iliziba masikio. Alisafiri akipiga katika makanisa, katika mashule na katika kumbi za watu weusi. Tangu 1931 alifundisha Tuskegee, katika Alabama, kisha tangu 1936 hadi 1955 katika Howard University, mjini Washington.

Sasa aje mwenye kubeza atuambie: mama huyu alishindwa nini? Watu walitia komeo mlangoni kwa ndani, kisha wakachungulia dirishani wamcheke aliyebaki nje! Kama Howard na Tuskegee zisingekuwako, ujuzi ule uliotoka kwa Busoni ungalikufa pamoja na vidole vilivyoushika.

Lakini sikilizeni jambo la pili, kubwa kuliko la kwanza. Mwaka 1933 aliingia Tuskegee kijana mmoja, Ralph Ellison, aliyetaka kuwa mtu wa muziki, naye alipiga tarumbeta. Siku moja alipiga vibaya mbele ya walimu, wakamkaripia. Akamwendea Bibi Harrison akitafuta mtu wa kumfariji. Mama hakumfariji. Alimwambia kwamba yampasa kupiga vizuri sikuzote, hata akiwa anapiga katika chumba cha kungojea treni pale Chehaw, kituo kidogo kilichotengwa karibu na shule ile. Maana nyuma ya jiko la kituo yuko mtu mdogo asiyetazamiwa, naye anaujua muziki.

Kijana hakuelewa. Lakini neno lile halikumwacha. Aliacha tarumbeta, akawa mwandishi, akatoa mwaka 1952 kitabu kiitwacho Invisible Man kilichomfanya ajulikane duniani pote. Na hata baada ya miaka arobaini na zaidi alikuwa bado akilitafakari lile neno la mwalimu wake, hata akaliandikia insha nzima.

Pimeni wenyewe, wasomaji. Konseri huisha, watu hupiga makofi, taa huzimwa. Neno la chumbani lilidumu maisha yote ya mtu. Na tena ulizeni: lingekuwa na nguvu gani kama lingesemwa na mtu asiyewahi kupanda jukwaani? Kijana alijua kwamba anayemwambia ndiye aliyepiga Berlin. Hapo ndipo konseri na ualimu huwa kitu kimoja.

Nyuma yake walikuja wengine. Natalie Hinderas, mpiga piano mweusi aliyezaliwa mwaka 1927, alifundisha katika Temple University ya Philadelphia mpaka alipofariki mwaka 1987. Wala hakunyamaza jukwaani. Mwaka 1971 alitoa sahani za santuri zenye kazi za watunzi weusi, kazi ambazo wenye kumbi walizisahau kwa makusudi. Profesa aliyelala hafanyi hivyo.

WALIOCHAGUA

Labda mtanijibu: Hao walilazimishwa na ubaya wa watu. Vema. Tumwite basi shahidi aliyechagua mwenyewe.

Menahem Pressler alizaliwa mwaka 1923 katika Magdeburg, Ujerumani, mtoto wa Wayahudi. Novemba 1938 wafuasi wa Hitler walivunja duka la wazazi wake. Mwaka 1939 alikimbia pamoja na wazazi na ndugu zake, wakapita Italia, wakafika Palestina. Jamaa zao waliobaki, wazee na wajomba na shangazi, wengi waliuawa. Mwaka 1946 kijana huyo alishinda katika San Francisco mashindano yaliyotajwa kwa jina la mtunzi Debussy, na milango ya kumbi ikafunguka.

Mwaka 1955, akiwa na miaka 31, alifanya mambo mawili mara moja. Kwanza, pamoja na mpiga fidla mmoja na mpiga selo mmoja alianzisha kikundi cha watu watatu kiitwacho Beaux Arts Trio. Pili, alikubali kufundisha katika Indiana University, kwenye mji mdogo wa Bloomington, akikusudia kukaa muhula mmoja tu.

Muhula huo ulichukua muda gani? Miaka 67! Alifundisha Bloomington mpaka mwaka wa kufa kwake, 2023. Na kikundi je? Nacho kilipiga duniani pote miaka 53, hata mwaka 2008. Wapiga fidla walibadilika, wapiga selo walibadilika. Mtu wa piano alikuwa yule yule, naye kati ya safari na safari alirudi kwa wanafunzi wake. Mwaka 2014, akiwa na miaka 90, alipiga kwa mara ya kwanza na Filharmonia ya Berlin, katika nchi ile ile iliyomfukuza utotoni. Sasa niambieni, hapa ni kipi kilichomponyoka?

Shahidi mwingine ni Bibi Lili Kraus, mzaliwa wa Budapest. Wakati wa vita kuu ya pili Wajapani walimfunga katika kisiwa cha Java. Akatoka kifungoni akaanza upya. Katika New York, tangu 1966 hadi 1967, alipiga konserto 25 za Mozart. Na konserto, kwa wasiojua, ni kazi ambamo piano moja husemezana na orkestra nzima. Sifa zake zilikuwa juu kabisa. Na ni mwaka huo huo wa 1967 alipokubali kufundisha katika Texas Christian University, mji wa Fort Worth, akakaa huko hadi 1983. Hakwenda kwa kuwa konseri zilimkimbia. Alikwenda akiwa na mikono iliyojaa.

ALIYEPOTEZA MKONO

Lakini shahidi ninayempenda kuliko wote ni Leon Fleisher. Alizaliwa San Francisco mwaka 1928. Akiwa na miaka tisa alipokewa na Schnabel yule niliyemtaja. Akiwa na miaka 16 alipiga na orkestra ya New York. Mwaka 1952 alishinda mashindano makubwa ya Brussels, Mmarekani wa kwanza kuyashinda. Mashindano hayo huitwa kwa jina la Malkia Elisabeth wa Ubelgiji, yule yule ambaye wazee wetu walimwona Kongo mwaka 1928 alipokuja pamoja na Mfalme Albert.

Mwaka 1959 Fleisher alianza kufundisha katika Peabody, shule ya muziki ya Baltimore ambayo baadaye iliunganishwa na Johns Hopkins University. Shikeni vema mwaka huo: 1959. Wakati huo alikuwa na mikono miwili mizima, na sahani zake za santuri zilisifiwa kila mahali.

Kisha, yapata mwaka 1964, vidole viwili vya mwisho vya mkono wake wa kulia vilianza kujikunja vyenyewe. Haikuwa jeraha. Ulikuwa ugonjwa ambao ubongo hutuma amri iliyopotoka, na misuli hutii. Waganga walitazama, hawakujua la kufanya. Mtu wa miaka 36, katika kilele cha kazi yake, akawa hawezi kupiga wimbo ambao mtoto huupiga.

Hapo wenye kubeza wangesema: Basi, amekwisha, na abaki kufundisha. Kumbe alikuwa akifundisha tangu zamani! Alipiga kazi zilizotungwa kwa mkono wa kushoto peke yake, kama konserto ya Ravel, iliyotungwa kwa ajili ya Paul Wittgenstein, mpiga piano wa Austria aliyepoteza mkono wa kulia katika vita ya 1914. Akajifunza kuongoza orkestra. Na darasani likatokea jambo ambalo mwenyewe alilieleza baadaye. Zamani mwanafunzi alipokosea, mwalimu alimsukuma kando kidogo, akapiga mwenyewe, akasema: Fanya hivi. Sasa hakuweza tena. Ilimlazimu kutafuta maneno ya kueleza kile ambacho mkono ulikijua bila maneno. Kwa kutafuta hivyo akawa mwalimu bora kuliko alivyokuwa.

Miaka thelathini na zaidi ilipita. Katika miaka ya 1990 alipata dawa ya sindano iliyolegeza misuli, na mkono ukarudi pole pole. Mwaka 2004 alitoa sahani aliyoiita Two Hands, maana yake Mikono Miwili. Alifariki Agosti 2020, akiwa na miaka 92, baada ya kufundisha kwa miaka ipatayo sitini. Ni darasa lililomshika mtu huyu asianguke, wala si darasa lililomwangusha.

MNYORORO

Sasa nijibu ile hoja ya Richter, maana sikuisahau.

Ni kweli, Richter hakufundisha. Lakini yeye alifundishwa na nani? Alifundishwa na Heinrich Neuhaus, profesa katika shule kuu ya muziki ya Moscow, aliyekuwa mpiga piano wa konseri. Neuhaus huyo huyo alimfundisha Emil Gilels, aliyeshinda Brussels mwaka 1938. Kama Neuhaus angesema, "Mkubwa wa kweli hafundishi," leo hamngekuwa na Richter wa kunitajia. Mtu anayekula embe na kuutukana mwembe tumwite nani?

Hesabuni pamoja nami. Beethoven alimfundisha Czerny. Czerny alimfundisha Leschetizky. Leschetizky alimfundisha Schnabel. Schnabel alimfundisha Fleisher. Na Fleisher alimfundisha André Watts.

Watts alizaliwa mwaka 1946 katika Nuremberg, baba yake askari mweusi wa Marekani, mama yake Mhungaria. Januari 1963, akiwa na miaka 16, alipiga konserto ya kwanza ya Liszt na orkestra ya New York chini ya Leonard Bernstein. Watu wakamwona katika televisheni nchi nzima. Katika siku chache akawa mashuhuri. Je, alisema, "Sasa nimefika, mwalimu wa nini?" Hapana. Alikwenda Baltimore kwa Fleisher, akasoma kati ya konseri na konseri, akapata shahada yake mwaka 1972. Na mwaka 2004, baada ya miaka arobaini jukwaani, naye akawa profesa, katika Bloomington ile ile ya Pressler. Rais Barack Obama alimpa Nishani ya Taifa ya Sanaa ya mwaka 2011. Alifundisha hata mwaka wa kifo chake, 2023.

Katika mnyororo huo hakuna pete hata moja iliyodharau kufundisha. Ungekatwa popote, sisi tuliobaki tungekuwa na karatasi za Beethoven zenye alama nyeusi, bila mtu wa kutuonyesha mkono unavyoshuka.

LAKINI SIWATETEI WOTE

Msinielewe vibaya. Sikusimama kumsafisha kila mtu mwenye jina la profesa. Kuna watu watatu ambao neno la kubeza lingewafaa.

Wa kwanza ni nyota asiyeonekana. Chuo kikuu huliandika jina lake kwa herufi kubwa, wazazi hukopa fedha, mtoto husafiri kutoka mbali. Akifika hukuta mlango umefungwa na karatasi ndogo: Profesa yuko safarini. Mwaka mzima humwona mara nne au tano. Huyo hakushika mawili. Ameshika moja, na lile la pili anapokea mshahara wake tu. Safari si kosa, Pressler alisafiri kuliko wengi. Kosa ni kutorudi.

Wa pili ni yule aliyefunga piano yake. Alipata kazi ya kudumu, akapumua, na tangu siku hiyo hajapanda tena jukwaani wala hajajifunza kazi mpya. Hufundisha woga ambao amekwisha kuusahau. Sisemi juu ya mgonjwa au mzee, maana Fleisher alikuwa mwalimu mkubwa kwa mkono mmoja. Nasema juu ya mtu mzima wa mwili anayeketi juu ya jina lake kama kuku juu ya mayai yaliyooza.

Wa tatu si mtu, ni chuo kikuu chenyewe. Tangu miaka ya 1950 vyuo vya Marekani hutoa hata udaktari wa kupiga vyombo. Kila mwaka vijana wengi hutoka na shahada hiyo mkononi, na kazi za kudumu ni chache mno. Wengi huishia kufundisha kwa kibarua, hulipwa kwa saa au kwa somo, leo chuo hiki, kesho kile, bila kujua kama watarudi muhula ujao, huku deni la masomo likiwangoja nyumbani. Aliyewaambia kwamba jukwaa linawangoja alijua kwamba halipo. Kuwapokea vijana mia kwa ajili ya viti vitatu, na kuwatoza ada wote mia, hiyo si elimu, ni biashara.

Wala wasiseme kwamba hakuna njia nyingine. Shule ya Curtis ya Philadelphia haitozi ada tangu mwaka 1928. Hupokea wachache, huwachagua kwa uwezo wao. Chuo kikuu cha Yale mwaka 2005 kilipewa dola milioni 100 kwa shule yake ya muziki, na tangu hapo wanafunzi wa shule hiyo husoma bila kulipa ada. Fedha za kuajiri nyota na kujenga kumbi za marumaru zikipatikana, hata za kumpunguzia mwanafunzi mzigo zaweza kutafutwa.

NENO LA MWISHO

Basi nasema nini? Nasema kwamba mpiga piano anayefundisha asiulizwe, "Kwa nini uliacha kupiga?" Aulizwe maswali mawili tu: Je, ungali unapiga? Je, mlango wako uko wazi? Akijibu ndiyo mara mbili, mvulieni kofia. Akijibu hapana, hata awe na shahada ndefu kama mkia wa tausi, mwacheni apite.

Na ile methali, mshika mawili moja humponyoka? Methali ya wazee ni ya kweli kwa mtu aliyeshika vitu viwili vinavyovutana, kama anayetaka kufuata njia mbili penye njia panda. Lakini kupiga na kufundisha havivutani. Piano yenyewe hupigwa kwa mikono miwili: wa kushoto hauwi adui wa wa kulia, na Fleisher alijua kuliko sisi sote hasara ya kukosa mmoja.

Nanyi mnaosoma ukurasa huu, ambao pengine hamtaona piano kubwa maishani mwenu, lichukueni neno hili nyumbani. Siku mtoto wenu atakaposema, "Nataka kuwa mwalimu," msitazamane. Mwulizeni kwanza: "Utafundisha nini, na je, wewe mwenyewe unaiweza kazi hiyo?" Akisema, "Naiweza, nami nitaendelea kuifanya," mpeni baraka zenu, mkamnunulie na daftari. Mnyororo umefika mkononi mwake.